Mama Alisikia Sindano

Mpaka leo nikiikumbuka ile sindano, damu inanichemka. Mama alikuwa mshonaji wa mtaa wa Kamalondo, mwanamke wa kuoga asubuhi na jioni. Mabaka yalipomtokea kiunoni, mekundu, yenye magamba, yakimwasha hata akajikuna kwa kitana, muuguzi wa zahanati alimwambia ni choa, ugonjwa wa uchafu. Uchafu! Akapakwa dawa ya zambarau. Mabaka yakashuka mapajani. Basi wakasema kaswende, wakamdunga sindano wiki baada ya wiki, na mtaa mzima ukamtazama Baba kwa jicho baya, bure.

Ndipo daktari Mzungu akatamka ukoma. Alimfunga Mama macho kwa kitambaa, akamchoma sindano kwenye baka, kwa kuwa baka la ukoma halisikii.

“Aïe! Nasikia, dokotere. Inauma.”

“Wote wanajifunza kusema hivyo,” daktari akamwambia muuguzi kwa Kifaransa. Baba alikuwapo, na alikijua Kifaransa. Mtu amefungwa macho, atajifunzaje?

Habari ilitutangulia nyumbani. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo havijakatwa. Shangazi, dada yake Baba, akatuhamishia kwake sisi watoto. Mama akaanza kufunga nguo za kwenda kambi ya wakoma.

Baba akakataa katakata. Alimng’ang’ania daktari mwingine, mgeni mjini, mpaka akakata kipande cha ngozi na kukipima kwa hadubini. Siku ya majibu tulikwenda sote, na Shangazi pia.

“Si ukoma,” daktari alisema.

Shangazi akapiga vigelegele palepale. Daktari akaendelea kwa sauti ya chini: ni saratani ya damu iliyokaa kwenye ngozi, hujifanya choa, hujifanya ukoma, na dawa ya kuiponya hana. Nani alimsikiliza? Jioni ile uwanja wetu ulijaa watu, wale wateja nao, wanakula na kucheza.

Mama, ameketi mkekani, akamuuliza Shangazi, wifi yake:

“Kama haiko bukoma, iko nini sasa?”

“Acha, mulamu. Leo tunafurahi.”

Nilitamani kumwaga vyungu vyote. Mama alifariki kabla mvua hazijaanza, mwili umejaa uvimbe, na kwenye kilio watu walewale walimshika Baba mkono, mmoja baada ya mwingine, wakimwambia:

“Tushukuru Mungu, hakufwa na bukoma.”