Faili la Kuazima

Baba yangu, Jairus Wekoye, alikuwa na ofisi ya kupiga chapa mjini Bungoma, kompyuta moja, na karatasi ukutani: HAPA HATUAZIMANI. Jembe letu halikuvuka ua, nasi hatukuvuka kuomba la mtu. Familia ya Wanyoike ilipokuja kuniposa kutoka Matisi, Kitale, aliwaambia kabla hata chai haijamiminwa, "Sisi hatuombangi kitu kwa mtu."

Wiki ya harusi, mwaka 2004, akakuta gemu ya karata niliyoiweka kwenye kompyuta. Mzee wa kanisa na karata! Akaiondoa. Mashine ikamwuliza: faili hili huenda linatumiwa na programu nyingine, liondolewe? Akabonyeza ndiyo. Ikamwuliza tena. Akabonyeza kwa hasira zaidi.

Alhamisi asubuhi, programu ya kupigia chapa ikakataa kufunguka. Ratiba ya harusi yangu ilikuwa humo, haijachapishwa hata nakala moja, na harusi ni Jumamosi.

"Lakini mimi nimetoa kalata tu, bana!" Baba akalalama.

Ndipo nilipoelewa, na nilicheka kwa uchungu. Programu nyingi hazibebi vyombo vyao vyote. Kazi inayohitajiwa na wengi, kama kuchora dirisha kwenye skrini, huwekwa katika faili moja, na kila programu ikiamka huliita kwa jina. Lisipoitika, programu haisogei. Ni kama ile sufuria kubwa ya kina mama wa kanisa: kila sherehe inapikiwa humo, hakuna anayenunua yake. Miaka mitatu mashine ya mtu asiyeazima ilikuwa ikiishi kwa kuazimana, na mwenyewe hana habari.

Fundi aliyetuwekea programu hizo alishahama na CD zake. Tulichukua faili la jina lilelile kwenye saiba moja ya intaneti mjini. Programu ikafunguka, kisha ikazimika katikati ya ukurasa. Lilikuwa toleo jipya, jina moja na tabia nyingine. Fundi yule alikuwa ametengeneza mashine moja tu kama yetu: ya Nyaruai, mama mkwe wangu mtarajiwa, kule Kitale.

"Enda wewe, Viola," Baba akasema, macho dirishani. "Useme shida ni yako."

Bibi harusi kubisha kwa wakwe siku mbili kabla! Nilienda nikichemka. Nyaruai alinakili faili kwenye disketi bila kuuliza swali.

"Tutarudisha," nikasema kwa aibu.

"Kurudisha nini, msichana wangu? Si yangu bado iko hapa." Kwenye lebo akaandika: Baba Viola.

Ratiba zikatoka. Siku ya harusi Baba akashika kipaza sauti. "Sisi hatuombangi kitu kwa mtu," akasema. Nyaruai alipiga makofi kuliko wote, ratiba mkononi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu nilipitia ofisini kuchukua sanduku langu. Karatasi ilikuwa bado ukutani. Chini yake, kwa kalamu, kwa mwandiko wa Baba, palikuwa na maneno mawili: Isipokuwa Kitale.