Korongo Wasiokosekana

Josefina alimpenda kiongozi wa watalii tangu asubuhi ya kwanza kisiwani, kwa jinsi alivyowatangulia kimyakimya, mkono mmoja mgongoni, akisema nao kwa vidole: kiganja wazi, simameni, kidole kimoja, tazameni. Hakupaza sauti kamwe. Darubini aliifuta kwa upindo wa shati kabla ya kumpa mtu, na alianza na Keza, binti wa Josefina. Kila matembezi aliyahitimisha kwa korongo wawili wenye taji, ambao hawakukosekana ufukweni hata mara moja. "Wanakusubiri wewe, mama," alimnong'oneza Josefina alipojua kwamba ukoo wake kule Bugarama haumli ndege huyo wala haumdhuru.

Siku ya mwisho mamba alichomoka majanini. Yangeyange wote waliokuwa ufukweni waliruka kwa pamoja. Korongo walipiga mbawa, wakajirusha, wakaanguka. "Rukeni!" Keza alilia. "Jamani, rukeni!" Mmoja alizolewa na mamba, maji yakamfunika. Kiongozi alimkimbilia aliyebaki, akamnyanyua, na bawa moja likafunguka mikononi mwake: manyoya yote ya kurukia yalikuwa yamekatwa kwa mkasi, kwa mstari mmoja ulionyooka. "Nani amemkata?" Josefina aliuliza. Yule bwana alimbana ndege kwapani, akamziba macho kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Wangeruka zao, mngekuja bure, mama," alisema kwa sauti yake ileile ya chini. "Tupite huku. Kuna furukombe mtini."