Fundi Anayepasua Filta

Yaani fundi wetu haamini filta ya oili mpaka aione utumbo. Ukimletea mpya, hasa zile za bei chee zenye jina la supamaketi, anaibana kwenye jiriwa, anaikata kwa msumeno, kisha anahesabu mikunjo ya karatasi kwa kucha nyeusi huku akiguna kama daktari. Jana dereva teksi alimletea moja afungiwe haraka, maana saa nane alikuwa anamfuata bibi harusi.

“Mjomba, hii safi kabisa!” fundi akamwambia, akimkabidhi vipande viwili.

Dereva akatoka mbio, akarudi na nyingine ya aina ileile, jasho chapachapa. Fundi akaigeuzageuza.

“Pacha hufanana sura tu,” akasema, mkono ukipapasa msumeno.

Dereva akampokonya, akajitosa chini ya gari kuifunga mwenyewe, na suti yake.