Mama Mkwe na Gemu ya Matofali

Nilipoolewa Ujiji nikitokea Tanga, nilimwogopa mama mkwe wangu kuliko nilivyowahi kumwogopa mwalimu yeyote. Hakuwa mkali, alikuwa mkimya tu. Nikimwamkia asubuhi anaitikia "Marahaba," kisha ananyamaza, nami nabaki nimesimama nikitafuta cha kuongeza. Akija dada yake anayekaa Rusimbi ndipo namsikia akicheka, lakini wanaongea Kiha, na mimi Kiha sikukijua hata neno.

Mume wangu ni bwana shamba, na siku za kazi alikuwa akishinda vijijini huko upande wa Kidahwe. Asubuhi moja nikipanga kabati lake nikakuta gemu yake ya utotoni, ya plastiki ya kijivu, ina kioo kidogo na vitufe vya mpira vilivyochakaa. Nikaitia betri, ikalia. Mgongoni ilikuwa na karatasi inayojigamba kwamba ndani mna mamia ya michezo. Nilipoipitia nikakuta ni michezo michache inayojirudia: nyoka, kisha nyoka mwenye haraka, kisha nyoka mwenye haraka zaidi. Nikachagua matofali yanayoshuka, nikakaa uani karibu na jiko, maharage yakichemka.

"Hicho kinacholia ni nini?"

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Nikasimama haraka. "Gemu, mama. Ya mwanao."

"Najua ni ya mwanangu. Nilimfichia mimi, alipokuwa hataki kusoma." Akanyoosha mkono. "Hebu lete."

Aliishika mbali na macho, kama mtu anayesoma bila miwani. Nikamwonyesha kitufe cha kugeuza na cha kusogeza. Matofali yake yakapandana ovyo hadi juu, mchezo ukaisha.

"Ukuta gani huu?" akauliza. Marehemu mumewe alikuwa fundi mwashi. "Mzee angeuona huu angenirudisha kwetu."

Akacheka, nami nikacheka, mwanzoni kwa woga. Akaanza tena. Nikainama begani kwake nikimwambia wapi pana pengo, naye akinipiga kikumbo kila tofali lilipoingia vizuri. Tulikuja kushtuliwa na harufu. Maharage yalikuwa yameungua yote, tukala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka waliobaki jana, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Baada ya hapo alikuwa akiniita mwenyewe. "Mwanangu, umemaliza kufua? Njoo basi." Dada yake naye akanogewa. Tukawa watatu kwenye mkeka, tukipokezana, anayesubiri akimpigia kelele anayecheza. Wao walipiga kelele kwa Kiha, kwa hiyo maneno yangu ya kwanza ya Kiha yalikuwa geuza, shusha, na pisha. Siku nilipomwambia dada yake huyo "geuza" kwa Kiha, tena kwa lafudhi yangu ya Tanga, aliiachia gemu akacheka mpaka akalala chali. Nilijisikia kama nimeolewa upya.

Mume wangu alirudi Jumamosi moja akatukuta hivyo, na hakuna aliyenyanyuka kumpokea. Alisimama mlangoni na mkungu wake wa ndizi, akitutazama.

"Mama," akasema, "si ni wewe uliyesema hiki kitu kinaharibu akili?"

"Ya mtoto," mama akajibu bila kuinua macho. "Mimi yangu imeshakomaa."

Mume wangu alifurahi kuliko sisi. Wiki iliyofuata akaleta kutoka mjini Kigoma gemu mpya ya mkononi, yenye kioo cha rangi, na ndani yake michezo yote ya zamani aliyowahi kuitamani. Akamwekea mama mchezo mmoja wenye mtu anayekimbia na kuruka mashimo.

"Anakimbilia wapi?" mama akauliza.

"Mwisho, mama."

"Mwisho kuna nini?"

"Kuna safari nyingine, ngumu zaidi."

Mama akamrudishia taratibu. "Mpumzishe huyo mtu, mwanangu. Sisi tuna ukuta wa kumaliza."

Akanisogelea kwenye mkeka akachukua ile ya kijivu, maana ilikuwa zamu yake.