Si Jinni Aliyetufungia Mlango

Nilipozinduka, vidole vyangu vilikuwa shingoni mwa mjukuu wangu. Mchana kweupe, kwangu Likoni, tumelala mkekani baada ya chakula. Mtoto macho yamemtoka, kulia hawezi. Na mimi huko ndotoni nilikuwa navunja kufuli.

Binti yangu alimnyakua mwanawe. "Mama, una jinni wewe. Mtoto simwachi hapa tena." Tangu hapo hajamleta.

Redioni wanasema mtu huota kwa kuwa akili yapanga mambo ya mchana. Yangu yapanga jambo moja tu, na halipangiki.

Nilikuwa nachambua kahawa kwenye ghala moja la Changamwe, wanawake watupu. Nyapara akitufungia kwa nje, eti tunaficha buni ndani ya madira tuliyovaa. Tukimtania kupitia dirisha la nondo: "Baba, ukifa na ufunguo wako huko, sisi je?" Acheka. "Nyinyi hamfi, mna midomo mno."

Siku magunia yaliposhika moto, alikuwa amekwenda kunywa chai. Tulipiga ule mlango wa chuma mpaka mikono ikachubuka. Shoga yangu, niliyekuwa nikivuka naye feri kila asubuhi, alianguka miguuni pangu. Mlango ukafunguliwa, yeye hakuamka.

Nyapara alikuja matangani na mchele wa mwenye ghala. Nikamwambia, huo mlango nauota. Akaniinamia kwa upole: "Dada, si kwenu ndoto mbaya haihadithiwi? Tema mate kushoto, mtaje Mungu, nyamaza."

Kwetu ni kweli, nimelelewa hivyo. Lakini yeye hata Mwislamu si. Aliyajua hayo kwa haja yake, na wenzangu wote aliwapitia na maneno hayohayo. Polisi walipouliza, kila mmoja akasema ni moto tu, kazi ya Mungu. La kufuli hakuna aliyelitaja, hata mimi.

Kombe la aya za Kurani nimekunywa, ubani nimefukizwa. Mlango bado nauota. Wallahi sina jinni. Nimefungiwa na watu, na watu hao wako hai, wanakula, wanalala usingizi wao.

Basi leo nahadithia. Wewe nyapara, na wewe mwenye ghala unayekaa Nyali, njooni Likoni mkae mbele ya binti yangu. Mmoja wenu amwambie kwa kinywa chake: nani aliamuru tufungiwe?