Mawe manne ya Kabedi

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, na Mathieu Banza amepiga goti katikati ya uwanja wa zamani wa ndege, nje kidogo ya Likasi, upande wa Buluo. Ndoo ya chokaa iko pembeni, imetiwa chumvi ili mvua isiioshe upesi. Anapaka jiwe la kwanza. Yako arobaini, yamepangwa duara.

"Zamani rubani alikuwa hana redio," anasema bila kuinua kichwa. "Anatafuta hii duara toka juu. Akiiona anasema, ni hapa, njo hapa nitashuka. Asipoiona, ni pori tu."

Banza ana miaka sitini na minne. Kazi hii aliachiwa na baba yake, na hakuna ofisi inayomlipa. Anaishi kwa matofali. Kila mvua zikiisha hubomoa vichuguu vilivyoota uwanjani, maana kichuguu kimoja kinatosha kupindua ndege, na udongo wake anaufyatulia matofali. Mwezi mzuri humpa faranga elfu themanini. Mwezi mbaya yeye hula mboga za binti yake, Josée.

Na wakubwa? Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja hata kuuliza majani yamefika wapi. Siku walipokuja, walikuja na vigingi. Uwanja ukakatwa viwanja mia na ishirini kwenye karatasi, na dalali mmoja, Benoît, akaanza kuleta wanunuzi.

"Papa Banza!" Benoît alikuwa anamwita toka mbali. "Ile ndege yako imechelewa sana, ao walipotea njia?"

"Weye ngoja," Banza alikuwa anamjibu. "Itashukia pa kichwa yako."

Tumaini lililobaki lilikuwa mwanamke mmoja, Mama Bibiane, wa idara ya urithi, aliyefika toka Lubumbashi na mchoro wa zamani wa uwanja. Alisema wazi: duara likilingana na mchoro, uwanja unaandikwa urithi na vigingi vinang'olewa. Lisipolingana, yeye hana la kutetea.

Akahesabu mawe. Thelathini na sita.

Akahesabu tena. Benoît akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, hii duara imeng'oka meno! Andika tu, ni kiwanja."

Banza alijua mawe manne yako wapi. Miaka sita nyuma alimzika mke wake, Kabedi, na pesa ya saruji haikuwepo. Makaburini kwao, kaburi lisilo na alama huzikiwa mtu mwingine juu, na wenye kusimamia wanasema hawakujua. Basi alibeba mawe manne kwa baiskeli, akaweka moja kila pembe. Alikusudia kuyarudisha. Hakuyarudisha.

"Mama Bibiane," akasema, "unipe mpaka saa tisa."

Josée alimkuta makaburini akichimbua jiwe la pili.

"Papa! Unamuvua mama manguo?"

"Bakiuza uwanja, mutoto wangu, kazi yote ya babu yako inakwisha leo."

"Na huku bakizika muntu juu ya mama?"

Josée akamtazama, akavua viatu, akaketi juu ya kaburi katikati ya jua. "Enda. Minye ntakuwa jiwe. Lakini leo leo ulete kitu ya kuweka hapa."

Saa tisa kasoro kidogo baiskeli ikaingia uwanjani ikiyumba. Kila jiwe liliingia kwenye shimo lake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Banza akaeleza yalikotoka, jasho linamtiririka.

"Papa, si ungeniambia tu?" Mama Bibiane akauliza.

"Ningekuambia, ungeandika mwizi. Batu ba biro, ba ofisi, minye nabajua."

Mama Bibiane akafungua daftari, akasoma kwa sauti huku akiandika: mawe arobaini, yote mahali pake. Benoît akaondoka bila utani. Banza akakaa chini kwenye majani, akacheka peke yake kama mtu aliyetolewa mzigo wa gunia kichwani.

Jioni ileile alimpelekea Josée matofali makaburini, ya udongo wa vichuguu vya uwanja, yakazunguka kaburi lote. Vigingi viling'olewa juma lililofuata. Banza amevifanya kuni.

Sasa anajiandaa. Kiangazi hiki kuna sherehe ya kuukumbuka uwanja, na ndege ndogo imeahidiwa kupita juu. Wakubwa watakuja kukaa kwenye viti vya mbele, hilo analijua.

"Bakae tu. Minye nangoja ndege."

Jiwe la arobaini limekwisha kupakwa. Ndoo bado ina chokaa, naye anaifunga nyuma ya baiskeli, anashika njia ya makaburini.

"Rubani akipita," anasema, "ataona fasi mbili nyeupe. Hapa, na kwa Kabedi."