Baba Alikunywa Chai Mara Mbili

Baba yangu, Lameck, ni mtu asiyejua kusema hapana. Kwa sababu hiyo, kwa miaka ishirini na mbili alifungua kinywa mara mbili kila asubuhi: mara ya kwanza nyumbani kwetu Kizota, hapa Dodoma, kwa mkono wa mama, na mara ya pili Uhindini, nyuma ya duka la vitambaa la mzee Bhagwanji, kwa mkono wa mke wa mzee, Damyanti. Mama, nilivyodhani, hakujua habari ya chai ya pili. Damyanti hakujua habari ya ile ya kwanza. Mimi nilizijua zote mbili, na ndiyo maana nasimulia nikiwa na hasira.

Mama anaitwa Erica, mzaliwa wa milima ya Kibakwe. Huamka saa kumi na moja alfajiri, awe mzima au awe na homa. Anawasha mkaa, anabandika maji, anakoroga unga wa uwele alioutwanga na kuuchekecha mwenyewe, na uji ukiiva anatia maji ya ubuyu na karanga zilizosagwa. Uji wenyewe ni mzito, wa kijivu, na mgeni akiuona hana imani nao mpaka auonje. Uwele unatoka shambani kwetu Nala, na anayelima shamba hilo ni mama, maana baba yuko dukani siku sita za wiki. Hilo naomba lisisahaulike.

Baba hunywa vikombe viwili vikubwa, akajifuta mdomo, akasema, nimeshiba Mama Angelina. Angelina ndiye mimi. Kisha anavuka reli kwa miguu kwenda mjini. Njiani anawapita wauza mihogo ya kuchemsha, mama wa vitumbua, watu walioinamia bakuli za supu ya makongoro, na sisi watumishi wa serikali tunaokimbilia magari ya Mtumba na andazi mkononi. Sisi hutusikitikia sana. Mtu mzima, husema, anakula anatembea kama mbuzi. Halafu huyo msema hovyo anafika kazini, anakaa juu ya robota la khanga, na kula upya kama mtu aliyeshinda njaa tangu jana.

Ilianza siku yake ya kwanza kazini. Damyanti alimuuliza kama amekunywa chai. Kwa babu yangu, alikokulia baba, mtu akikuuliza hivyo ameshakushika mkono kukuingiza ndani; ukimjibu umeshiba, umemwambia hukiamini chungu chake. Mtu mwingine angesema nimekunywa mama, lakini nitaonja. Baba akasema bado. Damyanti akampa mkate wa uwele, bapa, wa moto, umepakwa samli, na kipande cha sukari guru pembeni, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Kesho yake akamuuliza tena. Sasa angejibu nini, kwamba jana mke wangu alilala na leo kaamka? Akasema bado. Siku ya tatu hakuulizwa. Sahani ilikuwa inamngoja.

Basi Damyanti akaamini kwamba karani wake maskini ameoa mwanamke wa kulala. Aliwahi kumuuliza kama mkewe ni mgonjwa, na baba akacheka tu. Kicheko hicho sijakisamehe mpaka leo. Na ubaya haukuishia hapo. Kila mavuno mama alijaza debe la uwele, akachagua ule uliokomaa vizuri, akamwambia baba ampelekee mama wa dukani, maana watu hawa wametulea. Damyanti alipouliza uwele mzuri hivi unatoka wapi, baba alijibu unatoka shambani kwake. Kwake! Yaani mama alilima, akapalilia, akafukuza ndege, akavuna, na uwele huohuo ukarudi kwa mumewe umekuwa mkate wa kumhurumia kwa kuwa na mke mvivu.

Niligundua nikiwa na miaka tisa. Mama alinituma dukani kumpelekea baba funguo alizosahau, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikamkuta ana samli mpaka kwenye kidevu. Alinimegea mkate, akaniambia nisimwambie mama. Nikaula, ulikuwa mtamu, na tangu hapo nikawa nimefungwa mdomo. Nilikuwa mtoto, ni kweli. Lakini sasa nina miaka ishirini na tisa na bado nilikuwa nimenyamaza, kwa hiyo nisijitoe.

Mwaka huu, baada ya mavuno, mzee Bhagwanji alikubali kwamba miguu imekwisha. Mtoto wao alikuwa anawangoja Dar es Salaam. Duka likachukuliwa na kijana mmoja, Aamir, akasema Lameck atabaki, maana nani mwingine anajua kila jora lilipo? Nyumbani tukashukuru. Lakini Jumatatu ile ile Damyanti alimwambia baba kwamba hawezi kuondoka bila kumuaga mkewe, ambaye hajawahi kuongea naye hata siku moja. Jumamosi asubuhi na mapema atakuja Kizota. Ana zawadi yake.

Baba alirudi jioni hiyo roho juu. Mama alipomuuliza habari za kazi alijibu nzuri mara tatu. Aliponieleza uani, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Nikamwambia dawa ni moja, amwambie mama leo. Akasema kesho.

Kesho yake nilimwona akiingia jikoni, akasimama, akashika mwiko, akauweka, akauliza chumvi iko wapi. Mama akamwonyesha. Akatoka. Jumatano alimletea khanga mpya, mama akaipokea akaigeuzageuza, akauliza imetoka wapi na kuna nini. Hakuna kitu, akasema baba, na jasho likamtoka ilhali Dodoma ya mwezi wa saba inajulikana kwa baridi yake. Alhamisi alimdanganya Damyanti kwamba mkewe amesafiri kwenda Kibakwe kuuguza. Damyanti akasema hakuna shida, basi atasogeza safari mpaka arudi. Ikabidi mama yangu, ambaye hakuwa ametoka hata nje ya geti, arudishwe kutoka Kibakwe mchana huohuo.

Baba hakutulia. Alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikaza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imelegea. Mimi nami kazini nilikuwa nachapa barua, nafuta, nachapa tena, nawaza nimpigie mama simu nimalize. Nilibonyeza namba yake mara mbili nikakata kabla haijaita. Niliogopa swali lake moja tu: na wewe ulijua?

Ijumaa ndiyo iliyoniumiza zaidi. Baba alishindwa kumaliza uji. Kikombe cha kwanza alikifikisha nusu, akakiweka chini, akasema tumbo limejaa. Mama alimgusa paji la uso. Alidhani anaumwa. Siku hiyo alikwenda sokoni kutafuta karanga nzuri, na ubuyu mpya, ili kesho yake uji uwe na ladha ya kumrudishia hamu. Nilimtazama akichambua karanga moja moja nikatamani ardhi inimeze.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, bajaji ikasimama nje. Damyanti alikuwa amepanga kufika mapema makusudi, nadhani amkute mwenye nyumba kitandani amwamshe mwenyewe. Alishuka na kifurushi, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe, sari ameikunjia kiunoni isiburuze vumbi. Akakuta ua umefagiwa, vyombo vimeanikwa, uji uko jikoni unatokota, na mama yuko wima na khanga yake mpya.

"Shikamoo mama," mama akasema, akijua mara moja kwamba ni mama wa dukani.

Damyanti akaitikia marahaba, akatazama huku na huku. Baba alikuwa amesimama karibu na choo, mahali ambapo hakuna mtu anayesimama bila sababu. Mama akamkaribisha mgeni kiti karibu na jiko, akamtilia uji kikombe kikubwa, na wala hakumuuliza kama amekunywa chai. Damyanti akanywa. Akanywa tena, akasema uwele huu anaujua, uwele wa Lameck. Mama akatabasamu kwa adabu, akasema ndiyo, ni wa Nala, mwaka huu ndege walimsumbua sana.

Damyanti akafungua kifurushi: kibao cha kusukumia, mti wake, chuma cha kuchomea mikate kilichokuwa cheusi kwa miaka, na kopo la viungo vya chai. Akasema amekuja kukabidhi. Miaka ishirini na mbili amempa Lameck chai kila asubuhi, maana alikuwa anafika tumbo tupu. Yeye haulizi ya ndani ya nyumba ya mtu, kila mtu ana udhaifu wake, na usingizi kwa wengine ni ugonjwa. Lakini sasa anaondoka, na huyu kijana Aamir hatampikia mtu. Akamshika mama mkono. Jitahidi kuamka, mwanangu, akamwambia, jitahidi kidogo tu.

Mama alimtazama baba. Mimi nilitazama chini. Uji ulipanda ukataka kumwagika, na mama, bila kuangalia, akanyoosha mkono akaupunguza moto, kwa ule mkono unaojua.

Damyanti aliuona mkono huo. Halafu akaliona jiwe la kusagia karanga lililo pembeni ya jiko, lilivyolika katikati likawa bonde. Akauangalia uji kwenye kikombe chake. Huyu mama hakuwa mjinga. Alikuwa ameuza vitambaa miaka arobaini na alijua kitu kilichotumika muda mrefu kinavyoonekana.

"Lameck," akasema, "mke wako anaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomuoa."

Nje mtu wa mihogo alipita akipiga kelele za biashara yake, na kelele hizo zilikuwa msaada. Damyanti aliweka kikombe chini. Macho yake yalijaa machozi ya aibu, na aibu hiyo haikuwa yake. Akamwambia mama amsamehe, kwamba kwa miaka yote hiyo alimsema vibaya mbele ya watu, hata kwa dada zake.

"Kosa si lako, mama," mama akasema. "Wewe ulilisha mtu mwenye njaa."

Kisha akamwongezea uji. Wakazungumza habari za Dar es Salaam, za miguu ya mzee, za namna ya kuchoma mkate wa uwele usipasuke pembeni. Damyanti alimwonyesha kwa mikono mitupu, anapigapiga hewa, na mama aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Walipoagana walikumbatiana muda mrefu. Baba alimsindikiza mgeni mpaka kwenye bajaji na hakuna aliyemsemesha njiani.

Nilidhani mama angelipuka. Laiti angelipuka! Aliosha vikombe. Akapanga vile vyombo vya zawadi kabatini. Jioni nilimfuata nikamwambia nilijua tangu utotoni, nikalia. Alinisikiliza, akasema najua ulijua, tangu siku ile ulirudi na samli kwenye kola ya sare. Ambalo hakulijua ni lile la kwamba alisemwa kuwa mtu wa kulala. Mwanaume kula mara mbili, akasema, ni tumbo lake. Akaniambia nikalale.

Jumapili alikwenda kanisani, akaimba, akarudi. Baba alimfuata nyuma siku nzima akitafuta neno, na kila alipolipata alilimeza.

Jumatatu niliamka kujiandaa na kazi nikasikia nyumba ina ukimya wa ajabu. Hakuna mwiko, hakuna harufu ya karanga. Saa kumi na mbili ilikuwa imepita. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi nusu, na baba amesimama kando ya kitanda, amevaa tayari, kofia mkononi.

"Mama Angelina," akasema, "kumekucha."

"Si mimi ni mtu wa kulala?" mama akajibu toka ndani ya shuka. "Basi nimelala."

Baba alitoka akaenda jikoni. Sikumsaidia. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi ya chupani nikamtazama mtu wa miaka hamsini na nane akipigana na mkaa. Moshi ulimtoa machozi. Alimwaga unga kwenye maji yaliyokuwa yanachemka tayari, ukashikana madonge, akayaponda moja moja kwa mwiko akinung'unika. Ubuyu aliutia mwingi. Karanga alizisahau. Na maji aliyobandika, kwa kuwa hakuwahi kupima tangu azaliwe, yalitosha kikombe kimoja tu.

Alikipeleka kikombe hicho chumbani kwa mikono miwili. Mama akajiinua, akaegemea mto, akapuliza, akanywa. Alitafuna donge moja taratibu, akalimeza. Alikunywa mpaka mwisho, hakuacha kitu, na baba alisimama pale muda wote akimtazama koo likishuka.

"Wewe umekunywa?" mama akauliza.

"Bado," akasema baba.

Mama akamrudishia kikombe.

"Basi wahi kazini," akasema, akajifunika shuka.

Nilitoka nyuma yake. Nilimwona akivuka reli na kofia yake, akiwapita wa mihogo na mama wa vitumbua bila kugeuka, akielekea kwenye duka ambalo halikuwa tena na sahani inayomngoja. Alikuwa na tumbo tupu, kama alivyosema siku zote.